Kapu, bahasha, mashine ya kadi na makato ya benki: vifaa vya sadaka kwenye mizani ya sayansi ya tabia

Kamati ya fedha ya kanisa inayotaka kubadili namna ya kukusanya matoleo hukutana na wauzaji wengi, na karibu wote husifia kitu kimoja: urahisi. Gusa kadi, piga picha msimbo wa QR, tuma kwa simu, kazi imekwisha. Urahisi ni mzuri lakini hautoshi kukuambia kifaa kitaleta nini mwisho wa mwaka. Vipimo vilivyotumika hapa ni vitatu: kifaa kinamlazimisha muumini aamue upya mara ngapi, anaamua akionwa na nani, na ni namba ipi anaiona kabla ya kutaja yake.

Kwa vipimo hivyo, makato ya benki ya kila mwezi yenye nyongeza ya mwaka yanaongoza, na kwa mbali. Bahasha, pamoja na uzee wake wote, inafuata. Mashine ya kadi inafaa kwa masharti kadhaa ambayo muuzaji hatayataja. Kapu la wazi ni la matukio maalumu tu. Kusoma majina na viwango mbele ya kusanyiko hatukupendekezi hata kidogo.

Tuanze na kapu, kwa kuwa ndilo lililopimwa vizuri kuliko vyote. Mwaka 2005 mchumi Adriaan Soetevent alichapisha jaribio lililofanywa katika makanisa 30 ya Uholanzi. Kila ibada ilikuwa na matoleo mawili, la kwanza la kanisa lenyewe na la pili la mahitaji ya nje. Makanisa hayo yalizoea mifuko iliyofungwa, ambayo mkono unaingia bila jirani kuona kilichoshikwa. Wakati wa jaribio mifuko ilibadilishwa kwa makapu ya wazi katika baadhi ya Jumapili. Toleo la pili lilipanda kwa asilimia 10 mwanzoni, na watu walihama kutoka sarafu ndogo kwenda kubwa. Toleo la kwanza halikutikisika, na hata lile ongezeko la toleo la pili lilififia kadiri muda ulivyokwenda.

Kwa mweka hazina maana yake ni hii: macho ya jirani yana nguvu pale ambapo mtu hajajiwekea kiwango. Sadaka ya kanisa lake ameshaizoea na ana desturi nayo, kapu halimbadilishi. Kwa maafa au kanisa jirani lililoungua hana desturi, na hapo kapu linasaidia. Basi litoeni kwa Jumapili hiyo moja, halafu mrudishe mifuko. Mkilitumia kila wiki litakuwa fanicha.

Kuna ndugu yake kapu, nalo ni sanduku la kioo mlangoni. Liko tofauti kwa kuwa hapo mtoaji haonwi sana, ila anaona alichotoa mwenzake. Katika jumba la sanaa la New Zealand watafiti walilianzisha sanduku la aina hii kwa namna tofauti: tupu, lenye sarafu, lenye noti ndogo, na lenye noti kubwa. Sarafu zilivuta watoaji wengi wa kiasi kidogo. Noti kubwa ilivuta wachache wa kiasi kikubwa. Sanduku tupu lilifanya vibaya. Ukiweka fedha za kuanzishia, ziandikwe kwenye daftari la hesabu kabla ya ibada, kwa sahihi mbili, na zitolewe kwanza wakati wa kuhesabu. Hilo likisahaulika, taarifa ya Jumapili haitalingana na fedha iliyopelekwa benki, na wahesabu watashukiana bure.

Bahasha haihitaji maneno mengi. Nguvu yake si namba iliyochapwa juu, ni kwamba inabaki nyumbani. Mtu aliyekosa Jumapili mbili anaziona bahasha mbili tupu mezani na kwa kawaida anazijaza zote anaporudi, jambo ambalo kapu haliwezi kabisa. Chapeni za robo mwaka moja kwa wakati, si za mwaka mzima, kwa sababu rundo la bahasha ambazo hazikutumika humfanya mtu aone aibu na aache zote. Kosa kubwa zaidi ni kuongeza bahasha: moja ya ujenzi, moja ya kwaya, moja ya vijana, moja ya gari la mchungaji. Binadamu hutenga fedha kichwani kwa mafungu, na fungu la "kanisa" kwa kawaida ni moja. Bahasha ya ujenzi ikijaa, angalieni ya matumizi ya kawaida. Mara nyingi ndiyo iliyopungua. Kwa hiyo kamati isisherehekee mfuko mmoja kabla ya kujumlisha yote.

Sasa mashine ya kadi, ambayo ndiyo inayouzwa kwa bidii siku hizi, iwe kama nguzo mlangoni au kama sahani ya kupitisha kati ya viti. Ya kupitisha tusingeinunua. Mguso mmoja, pamoja na kuchagua kiasi na kusubiri jibu la mtandao, huchukua takriban sekunde 8 mambo yakienda vizuri. Watu 100 ni sekunde 800, zaidi ya dakika 13 kwa mashine moja. Wimbo wa sadaka hauna urefu huo. Mtandao ukikwama katikati ya mstari, kila mtu anamtazama aliyeishika, na huyo hatagusa tena mwezi mzima. Nguzo ni bora, zikiwa angalau mbili, zikae pembeni ya njia ya kutokea na si katikati. Waulizeni wauzaji mashine inafanya nini mtandao ukikatika. Baadhi hukubali muamala, huutunza, kisha huutuma baadaye. Ukikataliwa na benki wakati huo, kanisa halipati kitu na mtoaji anaamini ametoa.

Kisha kuna ada. Tuseme mtoa huduma anakata asilimia 2 na juu yake 10 isiyobadilika kwa kila muamala. Sadaka ya 100 inapoteza 12, yaani asilimia 12. Sadaka ya 1,000 inapoteza 30, asilimia 3 tu. Anayegusa 250 kila wiki amekatwa 60 kwa mwezi. Angetoa 1,000 mara moja angekatwa 30. Sehemu isiyobadilika ndiyo inayokula sadaka ndogo, na muuzaji hutangaza asilimia peke yake. Kama kiasi cha kawaida cha waumini wenu ni kidogo, tafuteni mkataba usio na ada ya kudumu kwa kila muamala, au acheni mashine iwe ya wageni na harusi.

Kinachowachanganya wengi ni vitufe vya viwango kwenye kioo. Imani iliyoenea ni kwamba ukiweka namba kubwa, watu watatoa zaidi. Wengine watatoa zaidi kweli, ila wengine wataondoka. Jaribio kubwa lililofanywa na wachumi kwenye jukwaa la kuchangia mtandaoni nchini Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kiwango kilichojazwa tayari na jukwaa kiliwavuta watu wengi kukichagua, lakini jumla ya michango haikubadilika. Namba iliyowapandisha hawa iliwafukuza au kuwashusha wale. Kwa hiyo vitufe si mgodi. Kazi yake ni kutomfukuza mtu.

Namna ya kuviweka: chukua sadaka zote za kidijitali za miezi 3 iliyopita, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, utafute ya katikati. Hiyo iwe kitufe cha pili kati ya vinne. Cha kwanza kiwe karibu nusu yake, cha tatu mara mbili, cha nne mara nne au tano. Usitumie wastani, maana mtu mmoja aliyetoa kiasi kikubwa siku ya harambee atauvuta juu na vitufe vyote vitakuwa vya matajiri. Kitufe cha "kiasi kingine" kiwe na ukubwa uleule wa vingine. Kikifichwa kwenye kona, mjane aliyekuja na kidogo chake hatakitafuta, atapita.

Msimbo wa kupiga picha uliobandikwa kwenye viti una tatizo lake: unaweza kufunikwa na wa mwizi. Ukaguzi kabla ya kila ibada, kwa simu, mtu mmoja kuhakikisha jina la mpokeaji ni la kanisa. Hatuna la kuongeza hapo.

Tufike kwenye makato ya kila mwezi, ambayo ndiyo tungeshauri kamati iweke nguvu. Kila kifaa kilichotangulia kinamtaka muumini aamue upya kila wiki, na kila uamuzi ni nafasi ya kusahau, kusafiri, kuumwa, au kukasirikia mahubiri. Makato yanageuza mambo: kutoa kunaendelea kwenyewe, na kinachohitaji juhudi ni kuacha. Uvivu uliokuwa adui unageuka mlinzi.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo kamati nyingi hulivuka bila kuliona. Benki huwa na njia mbili zinazofanana kwa jina tu. Ya kwanza ni agizo la kudumu: mwenye akaunti anaiamuru benki yake isukume kiasi fulani kila mwezi, na ni yeye peke yake anayeweza kukibadilisha. Ya pili ni makato ya moja kwa moja: mwenye akaunti anamruhusu mpokeaji avute fedha, na mpokeaji anaweza kubadilisha kiasi baada ya kutoa taarifa kulingana na kibali alichopewa. Kwa agizo la kudumu, nyongeza ya mwaka haiwezekani bila muumini kurudi benki au kwenye programu yake na kujaza upya. Hatarudi. Kiasi kilichowekwa kikikaa miaka 10 bila kuguswa na bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, thamani yake inakuwa imeshuka kwa karibu asilimia 39, na hakuna aliyeamua kupunguza. Uingereza, mpango uitwao Parish Giving Scheme, ulioanzia dayosisi ya Gloucester ya Kanisa la Anglikana, umejengwa juu ya njia hii ya pili, na unampa mtoaji nafasi ya kukubali sadaka yake ipande kila mwaka sawa na mfumuko wa bei. Hicho kisanduku kimoja cha kuweka alama ndicho sehemu yenye thamani kubwa kwenye fomu nzima.

Kwa nini watu hukubali nyongeza ya mwakani na kukataa ya leo? Kwa sababu fedha ya mwakani haijaingia mfukoni, haiumi. Richard Thaler na Shlomo Benartzi walilitumia hilo kwenye akiba ya uzeeni: wafanyakazi waliokubali mapema kwamba sehemu ya kila nyongeza ya mshahara iende akiba walitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Upande wa utoaji, Anna Breman aliwajaribu wachangiaji wa kila mwezi wa Diakonia, shirika la makanisa ya Sweden. Walioombwa wakubali sasa kuongeza baadaye waliongeza kiasi ambacho kwa wastani kilikuwa kikubwa kwa asilimia 32 kuliko cha walioombwa waongeze papo hapo.

Fomu basi iwe fupi. Kiasi. Tarehe ya kukata, ikiachwa wazi ili mtu aandike siku moja au mbili baada ya siku yake ya mshahara; makato ya tarehe 28 kwa mtu anayelipwa tarehe 30 yatakwama. Kisanduku cha nyongeza kikiwa na chaguo mbili au tatu, na mwezi wa kuanzia uwe angalau miezi kadhaa mbele. Sahihi. Kisanduku kisiwekwe alama tayari. Tunajua kwamba alama iliyowekwa tayari huongeza idadi ya waliokubali. Tunajua pia simu ya mwaka wa pili inavyosikika, pale muumini anapogundua kiasi kimepanda na hakumbuki kuridhia. Huyo atafuta kila kitu, na atawaambia wenzake. Kabla ya kila nyongeza, barua fupi au ujumbe wa simu utangulie kwa mwezi mmoja, ukitaja kiasi cha zamani, kipya, na jinsi ya kukataa.

Tumieni akaunti ya benki badala ya kadi inapowezekana. Kadi huisha muda, hupotea, hubadilishwa, na kila mara sadaka inakatika kimya kimya bila mtu kuamua. Mweka hazina awe na orodha ya makato yaliyogonga mwamba kila mwezi. Likigoma mara moja, jaribu tena baada ya siku chache. Likigoma mara mbili, simamisha na umpigie mtu faraghani, kwa sababu benki nyingine humtoza mwenye akaunti kila fedha inapopungua. Na si kila muumini anafaa kwa njia hii. Mkulima, fundi, mfanyabiashara mdogo, yeyote ambaye kipato chake huja kwa msimu, makato ya kila mwezi yatamwadhibu. Huyo abaki na bahasha, au aahidi sehemu ya kila mapato badala ya kiasi maalumu.

Lawama moja dhidi ya makato ni ya haki: kapu linapita, mtu ana mkono mtupu, na mtoto aliye pembeni anajifunza kwamba wazazi hawatoi. Dawa ni kadi ndogo ngumu iliyoandikwa "Natoa kwa benki", iwekwe kwenye kishikio cha kila kiti pamoja na vitabu vya nyimbo, mtu aitumbukize kapuni kama sadaka. Zikikaa mezani kwa mzee wa kanisa ili ziombwe, hazitachukuliwa. Ziwe rangi moja zote. Kanisa likianza kutoa rangi kwa viwango, limerudisha orodha ya majina kwa mlango wa nyuma.

Tukizitaja orodha hizo: kusoma majina huongeza fedha siku ileile, hilo halibishaniwi. Gharama yake haionekani kwa kuwa asiyekuja hahesabiwi. Jeshi la Wokovu, ambalo ni kanisa, huchangisha kwa kengele na chungu chekundu nje ya maduka. Watafiti wa Marekani, James Andreoni na wenzake, walipima katika duka moja kubwa lenye milango miwili karibu na Boston. Mchangishaji alipowatamkia watu ombi, akiwatazama, idadi ya watoaji iliongezeka kwa asilimia 55 na fedha kwa asilimia 69. Lakini ombi lilelile lilimfanya karibu mtu mmoja kati ya watatu akwepe mlango ule. Kanisani mlango wa pili ni kubaki nyumbani. Viwango vikitangazwa kwa madaraja, dhahabu, fedha, shaba, lipo tatizo jingine: watu hujikusanya kwenye ngazi ya chini kabisa ya kila daraja. Aliyekuwa na uwezo wa kutoa karibu mara mbili ya kiwango cha shaba anatoa kinachotosha kuandikwa shaba.

Ombi la mdomo si baya kwa sababu hiyo. Lifanywe na mtu mmoja kwa mtu mmoja, kwa miadi, na aombwaye ajue mada kabla ya kufika.

Kwa ujenzi au mradi mkubwa, kifaa ni kadi ya ahadi na kampeni ya wiki chache, na hapa mpangilio ndio kila kitu. Mwaka 2002 John List na David Lucking-Reiley walichapisha jaribio la barua za kuomba fedha za kununulia kompyuta za chuo kikuu cha Central Florida. Barua zilitofautiana katika jambo moja: ni sehemu gani ya lengo ilikuwa tayari imepatikana. Ilipopanda kutoka asilimia 10 hadi 67, michango ilikaribia kuwa mara sita. Kwa hiyo usizindue kampeni ukiwa na sufuri na picha ya ramani. Tumia miezi ya mwanzo kuzungumza kimya na watoaji wakubwa, uzindue nusu ya lengo ikiwa imekwisha kupatikana kweli, na namba hiyo iwe ya kwanza kutajwa.

Mtoaji mkubwa mara nyingi hupenda kusema, "Kila mnachotoa nitakilinganisha," yaani naye atatoa kiasi kilekile juu yake. Mshaurini vinginevyo. Dean Karlan na John List walipeleka barua kwa watu zaidi ya 50,000 waliowahi kuchangia shirika moja la Marekani: kulinganisha kuliongeza mapato kwa kila barua kwa asilimia 19, lakini kulinganisha mara mbili au mara tatu hakukuongeza chochote juu ya mara moja. Na katika jaribio la Steffen Huck na Imran Rasul huko Bavaria, kupitia jumba la opera la Munich, kutangaza tu kwamba mfadhili ameshatoa euro 60,000 kulileta zaidi kutoka kwa wengine kuliko kulinganisha michango yao. Fedha ya mkubwa itangazwe kama iliyokwisha kutolewa. Ni ya kweli, haina masharti, na haina hesabu za kubishania mwishoni.

Shukrani nazo zina soko lake: kampuni za kupiga simu za asante, zawadi, vikombe vyenye nembo. Utafiti wa Anya Samek na Chuck Longfield, uliohusu zaidi ya watoaji 500,000 kwa miaka 6, haukuona simu za asante zikiongeza utoaji wa mwaka uliofuata, ingawa wataalamu walioulizwa kabla walitabiri ongezeko kubwa. Shukuruni kwa sababu ni haki ya mtu. Kampuni msiilipe.

Kabla ya kusaini mkataba wowote wa kifaa kipya, ombeni kipindi cha majaribio cha wiki 12 au zaidi, kwa sababu wiki 4 za kwanza hupima ugeni wa kitu na si kitu chenyewe. Kama mna ibada mbili, kifaa kiwe katika moja, na baada ya wiki 6 kihamie nyingine. Ondoeni Jumapili za sikukuu kwenye hesabu. Jumlisheni sadaka ya njia zote, gawanyeni kwa idadi ya vichwa vilivyohudhuria, na mwandike mahudhurio yenyewe kwenye safu ya pembeni. Sadaka kwa kila kichwa ikipanda huku vichwa vikipungua, kifaa kirudishwe.